Gitaa la kwanza la besi: shingo kwanza, rangi baadaye

Mpwa wangu alikuja nyumbani Makorora, Tanga, na hela alizochanga kwa miezi, anataka gitaa la besi apigie kwaya. Alikuwa ameshapata la moyo wake: jekundu, linang'aa, nyuzi tano. "Mjomba, hili hili, wala tusihangaike." Nikamwambia asitoe shilingi mpaka tulishike mkononi. Tuliyoyafanya kuanzia siku ile ndiyo haya.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta

Nyuzi nne. Wa tano una kazi yake kwenye sebene, lakini anayeanza bado hajui kuzinyamazisha hizo nne; wa tano utavuma wenyewe kila anapogusa mwingine. Chukua lisilotumia betri. Yale ya betri ya volti 9, ukisahau jeki (plagi ya waya wa ampu) imechomekwa usiku kucha, asubuhi linakufia katikati ya wimbo.

Umbo nalipenda la Precision, ambalo kampuni ya magitaa ya Fender waliitoa mwaka 1951, au la Jazz lililofuata mwaka 1960. Kampuni nyingi zimeyaiga, kwa hiyo vipuri havisumbui. Urefu wa uzi wa kawaida ni inchi 34. Kama ni mtoto, la inchi 30 litamfaa zaidi.

Na kati ya jipya la bei ya chini kabisa na lililotumika la kampuni inayoeleweka, mimi nachukua lililotumika, bila kusita.

Hatua ya 2: Likague kabla ya kulipa

Chomeka, zungusha vitufe vyote. Kikikwaruza kidogo ni vumbi, sauti ikikatika ni waya. Piga kila freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwenye kila uzi, moja moja, hata muuzaji akinuna. Kisha gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, piga, uachie: utasikia sauti nyembamba kama kengele. Sasa bonyeza freti hiyohiyo upige. Sauti mbili ziwe noti moja. Zikipishana, daraja la nyuzi (kile chuma cha kwenye mwili kinachoshika nyuzi) linahitaji kusogezwa, na hilo linarekebishika.

Hatua ya 3: Shingo

Hapa ndipo nilipoteza usiku mzima, kuanzia baada ya isha mpaka adhana ya alfajiri, kwa hiyo nisome taratibu.

Besi yangu ya kwanza niliibadilishia nyuzi, nikaweka nyembamba kuliko za mwanzo. Ghafla ikaanza kukereza, yaani uzi kugonga freti na kukwaruza, hasa freti ya 1 mpaka ya 4 kwenye uzi mnene. Nikadhani nyuzi zimelala mno, nikainua vishikio vya daraja. Bado. Nikainua tena. Kufika saa tisa usiku nyuzi zilikuwa juu kiasi kwamba vidole vinauma, na kukereza kuko palepale.

Kosa lilikuwa kwenye shingo. Ndani yake mna fimbo ya chuma inayovutana na nyuzi. Nyuzi nene zinavuta shingo ijikunje mbele, fimbo inairudisha nyuma. Mimi nilipoweka nyembamba, mvuto ulipungua, fimbo ikashinda, shingo ikapinda kinyumenyume na freti za mwanzo zikagusa uzi.

Pima hivi. Bonyeza uzi mnene freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Tazama katikati, freti ya 7 au ya 8. Panatakiwa pabaki mwanya mdogo, unene wa kadi ngumu ya mwaliko wa harusi. Hakuna mwanya kabisa? Legeza fimbo kwa kispana cha L, kinyume cha saa. Mwanya mkubwa? Kaza, kufuata saa. Robo mzunguko tu, tyuni upya (rudisha kila uzi kwenye noti yake), lilaze mpaka kesho, ndipo upime tena. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na shingo haitulii papo hapo. Ikigoma kuzunguka, acha! Fimbo ikikatika, hiyo shingo ni ya kubadilisha.

Shingo ikikaa sawa ndipo uguse daraja: kwenye freti ya 12, uzi mnene uwe juu ya freti kama milimita 2.5. Kukereza kukiwa freti moja tu, hilo ni tatizo la freti yenyewe. Peleka kwa fundi.

Lile jekundu tulilipima hivyo. Mwanya ulikuwa mkubwa na fimbo ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, haina pa kukazwa tena. Tuliliacha dukani.

Hatua ya 4: Pa kuchomeka

Ampu ya besi, hata ndogo. Sabufa ya nyumbani au ampu ya gitaa la solo itumie kwa sauti ya chini tu, maana besi kali inachana koni ya spika.

Hatua ya 5: Tyuni

Kutoka nene kwenda nyembamba: E, A, D, G. Programu ya simu mara nyingi haiusikii vizuri uzi wa E, ambao sauti yake ni ya chini sana, hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 tu. Piga ile sauti ya kengele ya freti ya 12, itausikia.

Hatua ya 6: Anza kupiga

Usianze na mbwembwe. Vidole viwili vya mkono wa kulia kwa kupokezana, noti moja, dakika kumi pamoja na mdundo wa ngoma. Kisha G (uzi wa E, freti ya 3), C (uzi wa A, freti ya 3) na D (uzi wa A, freti ya 5). Kwa hizo tatu mpwa wangu alisindikiza pambio mbili Jumapili ya kwanza.

Masikio yalishe na muziki wa hapahapa Tanga: bendi za Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na Black Star walioingiza gitaa la besi kwenye taarab. Imba laini ya besi kwa mdomo kabla hujaitafuta kwa vidole.

Ukimaliza, futa nyuzi kila mara, upande wa chini pia. Chumvi ya bahari inazila haraka. Mimi natumia kipande cha kanga kuukuu, kinakaa kwenye begi la gitaa siku zote.