Umepata jina la babu kwenye Kenya Gazette? Usiishie kukopi link

Wengi wetu tunaotafuta ukoo tunaanzia kwa simu, unagugo jina la babu, mara hilo hapo ndani ya Kenya Gazette ya zamani, lile gazeti rasmi la serikali, moyo unaruka, unakopi link unatuma kwa group ya familia na hapo basi. Mi nilifanya hivyo. Miaka ikapita, shangazi akaniuliza ile tarehe ya babu kufariki niliitoa wapi, nikabonyeza ile link ikafungua ukurasa mtupu, na kuitafuta upya kulinila wikendi mbili nzima. Siku hizi naandika kwanza ndio nafurahi.

Gazette inatoka tangu 1899 na matoleo mengi ya zamani yako Google Books, unasoma bure. Uhondo uko kwenye matangazo ya mirathi: jina la marehemu, amefia wapi na lini, nani ameenda kortini na ni nani wake, mtoto au mjane, na mara nyingi kijiji chao kimetajwa. Sasa ukilipata usifunge. Panda juu ya ukurasa uandike juzuu (iko kwa namba za Kirumi), namba ya toleo na tarehe, halafu shuka kwa tangazo lenyewe uchukue namba yake, korti, na namba ya kesi. Ukurasa uwe ule uliochapwa kwenye karatasi, sio ule simu inakuhesabia. Ukiwa na hivyo vyote, hata link ife, binamu yako anaweza kwenda maktaba akaomba toleo hilo na akalipata.

Na tafadhali usichanganye tarehe, ile ya Gazette ni ya tangazo, mzee anaweza kuwa alifariki miaka ishirini nyuma na watoto ndio wanashughulikia shamba sasa.

Jina nalo usilirekebishe. Kama wameandika Hamisi s/o Juma (s/o ni "son of", mwana wa) na nyumbani mnamjua kama Khamis bin Juma, nakili yao herufi kwa herufi, yako weka pembeni. Wakiandika alias usiiruke, hapo ndipo unagundua mzee alikuwa na jina la kazini na jina la kwao.

Kwangu inakaa hivi: Kenya Gazette, juzuu fulani, Na. fulani, tarehe, uk. fulani, Tangazo Na. fulani, mirathi ya babu mzaa baba, jina limeandikwa "Hamisi s/o Juma", nimesoma picha ya ukurasa Google Books, 3 Machi 2024. Link inakuja mwisho.

FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta rekodi za ukoo, iko tofauti kidogo. Angalia link yake, ikiwa na ark:/61903/1:1 hiyo ni faharasa, yaani mtu au kompyuta imesoma kitabu ikakuandikia, na ikiwa na 3:1 hiyo ni picha ya kitabu chenyewe. Kama umeona faharasa tu, sema umeona faharasa tu, manake huyo aliyesoma anaweza kuwa amekosea mwaka au jina la mama. Picha ikiwepo ifungue, kisha andika ni kitabu gani, cha parokia au ofisi gani, mstari wa ngapi.

Wenye babu aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni) na akafa kwenye vita vya dunia mtaingia tovuti ya CWGC, tume inayotunza makaburi na majina ya waliokufa kwenye vita hivyo, hapo chukua namba ya askari, kikosi na makaburi au mnara alikoandikwa. Lakini wapagazi wengi sana wa Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina kokote, kwa hivyo ukikosa lake usichukue la mtu mwingine kwa sababu tu yanafanana, utampachika babu wa watu kwenye ukoo wenu na wajukuu watakuja kuamini.

Hata bibi ni chanzo. Andika nani alisema, alikuwa nani kwa huyo marehemu, mlikuwa wapi, tarehe gani, na kama alishuhudia mwenyewe au alisimuliwa. Walio hai waombe ruhusa kabla hujaweka chochote chao mtandaoni.

Kisha piga skrinshoti ya ukurasa mzima, sio ule mstari peke yake, na uibadilishe jina papo hapo: mwaka, Gazette, namba ya tangazo, jina la babu.