Somo: Kupata mbolea ya ruzuku Trans Nzoia, Kenya, kabla mvua haijashika

Kuna wanaongoja pesa za ruzuku ziingie kwa simu. Haziingii. Serikali hupunguza bei: mfuko wa kilo 50 uliokuwa umepita shilingi 6,000 mwaka 2022 ulishushwa hadi 3,500 Septemba mwaka huo, kisha 2,500 mwaka 2023. Tofauti inalipwa huko juu, nawe unalipa kilichobaki.

Hatua ya 1: Usajili. Mwone chifu au naibu wake ukiwa na kitambulisho na namba ya simu yako mwenyewe. Taja ekari zako kamili, kwa sababu ndizo zinazoamua idadi ya mifuko. Wapo wanaozipunguza wakidhani watatozwa kodi, halafu Aprili wanalia mbolea haitoshi. Kama msimu huu umeongeza au umepunguza shamba, rudi ukarekebishiwe kabla ya Machi. Foleni ya wakati wa kupanda haina huruma.

Hatua ya 2: Ujumbe. Ukisajiliwa utatumiwa kwa simu ujumbe wa vocha, wenye namba za kuchukulia mbolea. Usiufute, na usimsomee mtu namba hizo.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Kwa ekari 2 za mahindi wengi huchukua mifuko 2 ya DAP ya kupandia na 2 ya CAN ya kukuzia. Kwa bei ile ya 2,500, hiyo ni 10,000. Sasa ongeza nauli. Anayetoka mbali kuja kuichukua mjini Kitale na kubebesha boda mfuko mmoja mmoja, ruzuku yote inaishia barabarani. Jikusanyeni majirani mkodi pikapu moja.

Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: udongo wa sehemu nyingi huku una asidi, na DAP ya kila mwaka inaizidisha. Pimeni udongo. Huenda shamba lako linahitaji chokaa kwanza, na hapo hata mbolea ya bure isingekusaidia sana.

Hatua ya 4: Depo, yaani ghala la kuchukulia mbolea. Nenda na kitambulisho na simu yenye chaji. Lipa kwa simu, usimpe mtu wa langoni pesa taslimu. Kagua mshono wa mfuko, chukua risiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Nimekodi shamba, sina hati. Nitasajiliwa?
Ndiyo, mama. Anayetafutwa ni mkulima. Sema wazi kwamba ni la kukodi.

Laini ni ya mzee wangu na yuko Nairobi. Nifanyeje?
Vocha itamfikia yeye huko, wewe ubaki langoni. Omba namba ibadilishwe iwe yako, mapema.

Kuna kijana anataka kununua vocha yangu. Ni vibaya?
Ndiyo, na ni hasara. Atakupa hela ya unga wa wiki, kisha wewe ununue mbolea dukani kwa bei ya soko.

Mwaka 2024 kulikuwa na mbolea feki. Nitaijuaje?
Kwa macho tu ni vigumu, ndugu. Ukiitilia shaka, acha kuitumia, hifadhi mfuko na risiti, uripoti kwenye depo na kwa afisa wa kilimo. Wakati ule waliouziwa feki waliahidiwa mbolea nyingine kulingana na rekodi za ununuzi. Aliyetumia vocha ya mwenziwe, jina lililo kwenye rekodi si lake.