Karatasi au chuma: ninavyochuja kahawa ya nyumbani Tanga

Baba ni mtu wa kahawa ya dele, lile birika la kuchemshia kahawa. Amekunywa kahawa chungu kwenye baraza za Ngamiani tangu mimi sijazaliwa, kashata mkononi, na kahawa hiyo haichujwi: mashapo yanatulia chini, funda la mwisho unaliacha. Mwaka jana daktari akamwambia lehemu, ile wengi tunaiita kolestro, imepanda. Kahawa ya kuchemsha aiache au aichuje kwa karatasi. Ndipo nilipoanza kuyajua machujio, na leo ninayo yote mawili jikoni, la karatasi na la chuma.

Tofauti yao utaielewa kwa kifumbu cha kuchujia tui. Ukikamua nazi, machicha yanabaki na tui linapita na mafuta yake. Chujio la chuma ni hivyo hivyo. Vitundu vyake vinazuia chenga, lakini mafuta ya kahawa na vumbi laini vinapita, ndiyo maana kikombe kinakuwa kizito, kinang'aa juu na kina tope kidogo chini. Karatasi inayashika mafuta hayo. Humo ndimo zilimo kemikali za kafestoli na kaweoli, zinazopandisha lehemu mbaya mwilini, na karatasi inabaki nazo karibu zote. Kwa hiyo kwa baba sina mjadala, ni karatasi kila siku. Kikombe changu cha alfajiri nakichuja kwa chuma.

Vipimo ni vilevile kwa yote mawili: kahawa gramu 15 kwa maji mililita 250. Kama huna mizani, vijiko vitatu vya chakula, vya msawazo, vinakufikisha hapo.

Karatasi ikunje kwenye mshono, ipachike kwenye koni ya kuchujia, kisha imwagie maji ya moto mpaka ilowe yote, na maji hayo uyamwage. Hatua hii niliipuuza mara ya kwanza nikamkaribisha shangazi. Alipiga funda moja akakiweka kikombe chini. Kahawa ilikuwa inanuka boksi. Karatasi za rangi ya kahawia ndizo zinazohitaji kusuuzwa zaidi. Tia kahawa. Maji yakichemka, epua, hesabu hadi 30, kisha mwagia kidogo tu, kama mililita 30, kahawa yote ipate unyevu. Itaumuka na kutoa mapovu, hiyo ni hewa iliyobaki ndani ya buni tangu zilipokaangwa. Iache nusu dakika. Maji yaliyobaki yamimine polepole kwa kuzungusha, na kwa dakika tatu hivi kikombe kiwe kimejaa.

Sasa, kinu. Mimi buni zangu zinatoka Lushoto, nakaanga na kutwanga mwenyewe, na mchi hautoi chenga zinazolingana. Siku ya kwanza maji yalisimama juu ya karatasi kama dimbwi la masika, dakika nane nzima, na kilichotoka kilikuwa kichungu chenye ukakasi wa kushika ulimi. Vumbi la kahawa lilikuwa limeziba karatasi. Tangu hapo kahawa niliyotwanga naipitisha kwenye chekeche la unga. Linalodondoka chini ni vumbi, nawapelekea majirani wanaopika kwa dele. Zinazobaki juu ndizo zangu, na vipande vikubwa vinarudi kinuni. Kwa karatasi nataka chenga kama za sukari. Kwa chuma ziwe kubwa kidogo kuliko hapo, maana maji yanapita haraka na vumbi lolote litaishia kikombeni.

Chuma hudai usafi. Mafuta yanaganda kwenye vitundu, na yakilala siku mbili yanachacha. Kahawa ya kesho itanuka mafuta ya zamani. Lisafishe papo hapo kwa brashi laini, na mara moja kwa wiki liloweke kwenye maji moto yenye sabuni ya vyombo. Kisha liinue dirishani ulitazame kwa mwanga: palipo na doa jeusi pameziba, sugua tena. Likaushe kabla ya kuliweka kabatini, hewa yetu ya bahari haina huruma.

Karatasi nazo zinanyonya harufu. Pakiti yangu niliiweka jirani na dagaa, nikaitupa nusu yake. Sasa inakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Pakiti ya karatasi 100 inanitosha zaidi ya miezi mitatu kwa kikombe kimoja cha baba kwa siku. Zikiisha usiweke gazeti, lina wino. Najua Melitta Bentz, yule mama wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908 alitoboa kopo la shaba kwa msumari na kuweka karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, na ndiko chujio hili lilikoanzia. Kopo la kutoboa hata sisi tunaweza. Karatasi nunua ya kazi hiyo.

Wiki za mwanzo baba alisema kahawa ya karatasi ni nyepesi, na kweli ni nyepesi. Nikaongeza kahawa mpaka gramu 18 kwa maji yaleyale, na iliki mbili nilizozitwanga nikazichanganya na kahawa kavu kabla ya kumwaga maji. Hiyo ameikubali. Anainywa barazani kwenye kifinjani chake kilekile, na sasa anamaliza hadi funda la mwisho.