Vitamini B12: soma nyuma ya paketi kabla ya kulipa

Kwenye maduka ya dawa ya Malindi na Lamu utaikuta B12 kwa sura tatu nne, na bei zinapishana mno. Mteja huambiwa ile ghali ndiyo "ya asili". Mara nyingi anacholipia ni jina tu.

Hatua ya 1: Pima damu kwanza. Ukianza vidonge, kipimo hupanda hata kama kilicholeta upungufu kipo palepale, na daktari hukosa pa kuanzia. Miguu ikiwa imeshakufa ganzi au mwendo unayumba, usijitibu na vidonge. Nenda hospitali, huenda ukahitaji sindano.

Hatua ya 2: Geuza paketi. Tafuta neno linaloishia na cobalamin, kisha tazama linavyoanza.

Likianza na cyano, hiyo ni sianokobalamini: nafuu na haiharibiki upesi. Watu huiogopa kwa sababu ina chembe ya sianidi. Kidonge cha mikrogramu 1000 kina takriban mikrogramu 20 za sianidi, na sahani ya muhogo yaweza kubeba zaidi ya hizo. Asiitumie tu mwenye ugonjwa wa kurithi wa macho uitwao Leber.

Methyl ndiyo inayouzwa ghali, kwa hoja kwamba iko tayari kutumika. Hoja hiyo ni dhaifu: ikishaingia kwenye seli, mwili huivua ile methili na kuiunda upya, kama unavyozifanyia nyingine. Tena mwanga huiharibu. Ikiwa kwenye chupa nyeupe inayopitisha mwanga, iache.

Hydroxo ni ya sindano, maji yake mekundu. Hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana baada ya dozi za mwanzo hurudiwa kila miezi miwili au mitatu.

Hatua ya 3: Angalia kiasi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6, anayenyonyesha 2.8. Mbona basi vidonge vina 1000? Tumbo hutoa protini inayoibeba B12, nayo kwa mkupuo mmoja haivushi zaidi ya mikrogramu 2 hivi. Kinachobaki hupenya chenyewe, kama asilimia 1. Kwa hiyo katika 1000 unapata kama 10 au 12 tu. Hata asiye na protini ile hufaidika na dozi kubwa kwa njia hiyo ya kupenya.

Hatua ya 4: Kuhifadhi. Joto la kaskazi na unyevu wa pwani huharibu vidonge. Usiviweke jikoni, dirishani wala juu ya friji, ambako hupata moto. Usivihamishie kwenye kopo la kioo.

Onyo: usimeze foliki asidi (vitamini ya kuongeza damu) peke yake kwa kudhani ni upungufu wa damu tu. Damu itaongezeka, na huku neva zinazokosa B12 zinaendelea kuharibika kimyakimya.

MASWALI YA WANACHAMA

Langoni, Lamu: Baba ana kisukari, yuko kwenye metifomini miaka mingi, nyayo zinamchoma. Nimnunulie ya methyl?
Jibu: Metifomini hupunguza ufyonzaji wa B12, lakini asiiache. Mwombeeni kipimo, kwani sukari yenyewe pia huchoma nyayo. B12 ikiwa chini, kwa kawaida cyano ya 1000 kila siku yatosha, kwa ushauri wa daktari wake. Ogopeni vidonge vya mchanganyiko vyenye vitamini B6 nyingi: ikitumiwa muda mrefu, B6 nayo huleta ganzi.

Shela: Ya kuweka chini ya ulimi haifanyi kazi haraka zaidi?
Jibu: Hapana. Ni sawa na ya kumeza.

Malindi: Sisi twala samaki na pweza kila wiki. Twaweza kupungukiwa kweli?
Jibu: Chakula chenu kina B12 tele, pweza hasa. Tatizo huwa tumboni: uzee, omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) ya muda mrefu, au tumbo lililofanyiwa upasuaji.

Malindi: Na asiyekula nyama wala samaki, spirulina, ule unga wa mwani, itamfaa?
Jibu: Haitamfaa. Nyingi ya B12 iliyomo ni ya bandia kwa mwili, na yaweza kupotosha kipimo. Anunue cyano.