Kipimo cha methakolini: namna ya kuzichokoza njia za hewa na kupata jibu la kuaminika

Methakolini ni dawa ya kuvuta inayoibana misuli ya njia za hewa. Mwenye pumu hubanwa na kiasi kidogo tu. Asiye nayo huvuta kingi na pumzi isitetereke. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipima, na mara nyingi huharibika kabla hata nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, haijawashwa.

Anza na dawa anazotumia kufungua njia za hewa. Salbutamoli iachwe saa 6 kabla ya kipimo, ipratropiamu saa 12, salmeteroli na formoteroli saa 36, tiotropiamu siku 7. Mwambie mgonjwa aje na pampu zake zote uzisome mwenyewe, maana pampu moja huweza kuwa na dawa mbili. Asiyeweza kukaa bila dawa zake asipimwe.

Kisha pima FEV1, yaani hewa anayoitoa kwa nguvu katika sekunde 1 ya kwanza. Ikiwa chini ya 60% ya inayotarajiwa, au chini ya lita 1.5 kwa mtu mzima, usiendelee. Vivyo hivyo kwa aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi 3. Mwenye mafua aahirishiwe: njia za hewa zilizokereka huweza kutoa jibu la uongo.

Chumba kiwe na hewa inayopita, nebulaiza iwe na kichujio upande wa kutolea pumzi, salbutamoli na oksijeni viwe karibu. Mhudumu mwenye pumu asisimamie kipimo hiki. Mchanganyiko wa methakolini utoke kwenye friji nusu saa kabla. Ukiwa baridi, nebulaiza hutoa mvuke pungufu.

Mvutishe kwanza kiyeyushi kitupu, kisicho na methakolini, upime tena FEV1: hiyo ndiyo namba ya kulinganishia. Fuata na methakolini ya 0.0625, 0.25, 1, 4, hadi 16 mg/ml. Kila baada ya dozi, pima kwenye sekunde ya 30 na ya 90. Dozi zipishane dakika 5. Simama FEV1 ikishuka 20%: aliyeanza na lita 3.00 anasimamishwa akifika 2.40.

Apumue kawaida, taratibu. Kuvuta pumzi hadi kifua kijae hulegeza misuli ileile unayojaribu kuibana, na mwenye pumu nyepesi ataonekana mzima. Mpulizo mlegevu hufanya kinyume: FEV1 inashuka kwa uvivu, si kwa dawa. Angalia umbo la mchoro wa pumzi kabla ya kuamini namba.

Akimaliza, mpe salbutamoli, upime baada ya dakika 10. Asiondoke kabla FEV1 haijarudi angalau 90% ya ile ya mwanzo.

Akifika 16 mg/ml bila kushuka 20%, pumu kwa wakati huo ni ya mashaka sana, isipokuwa kama anatumia steroidi ya kuvuta, ambayo huweza kuificha. Akishuka 20% kati ya 4 na 16, hilo ni eneo la utata. Akishuka chini ya 1, uwezekano wa pumu ni mkubwa, lakini hata mzio wa pua na uvutaji sigara huweza kuzifanya njia za hewa zibanike upesi, kwa hiyo isomwe pamoja na dalili zake.