Breki za AMG zinalia? Sikiliza kwanza zinalia vipi

Mteja akiniletea AMG (Mercedes-Benz za mwendo kasi) inayolia breki, namuuliza: inalia lini? Ikiwa ni asubuhi tu, au baada ya kuoshwa, hiyo ni kutu nyepesi juu ya diski. Ukikanyaga breki mara kadhaa inaisha. Ikilia ukikanyaga taratibu kwenye foleni, mara nyingi ni pedi, vile vibao vinavyobana diski. Pedi za magari haya zimetengenezwa zihimili joto la mwendo kasi, kwa hiyo zikiwa baridi hupiga mluzi. Inakera, lakini gari linasimama vizuri.

Kukwaruza ni habari nyingine. Paki, usibishane. Pedi ikibaki chini ya milimita 3, badilisha za kulia na kushoto pamoja, na sensa yake inayoonya pedi zikiisha.

Ukishafungua tairi, sugua kutu pale pedi inapokaa kwenye kalipa (kifaa kinachosukuma pedi zibane diski), kisha paka grisi maalumu ya breki mgongoni mwa pedi, kidogo sana. Ikigusa uso wa pedi, nunua nyingine.

Pedi mpya lazima zizoeshwe: kimbia kilomita 80 kwa saa, punguza hadi 20, rudia mara nane hivi bila kusimama kabisa, halafu endesha polepole zipoe. Wengi huruka hatua hii, kelele zikirudi lawama kwa fundi. Na utafute barabara tupu, siyo ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni.