Mkiachana mkiwa Uingereza: talaka, watoto na kiwanja cha nyumbani

Mume yuko Leicester, anapiga simu kwa wakwe zake Tanga, anatamka talaka mbele ya mashahidi, na sheikhe anaandika karatasi. Kidini huenda yamekwisha. Kwa sheria ya Uingereza hao bado ni mume na mke. Sheria ya Familia ya mwaka 1986 haitambui talaka iliyotolewa ndani ya nchi hiyo ila ikitoka mahakama ya serikali, na ile inayotamkwa Uingereza ikakamilishwa nje nayo haipiti. Ukifunga ndoa nyingine ya serikali, umetenda jinai. Ukifariki bila wosia, huyo uliyedhani mmeachana ndiye anayetangulia kukurithi.

Kufungua shauri kwenyewe kumerahisishwa England na Wales tangu Aprili 6, 2022 (Scotland na Ireland Kaskazini wana taratibu zao). Hakuna tena kutafutana makosa. Unaeleza tu kwamba ndoa imevunjika, mradi imetimiza mwaka. Utasubiri wiki 20 ndipo uombe amri ya kwanza, kisha wiki 6 na siku moja uombe ya mwisho. Cheti cha ndoa kikiwa cha Kiswahili, kiambatanishwe na tafsiri iliyothibitishwa. Talaka ya dini ifuatilie kwa sheikhe sambamba na hiyo, maana moja haichukui nafasi ya nyingine. Waliofunga nikaha tu hukohuko Uingereza bila kuandikishwa serikalini hawana ndoa ya kuvunja mahakamani. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo mwaka 2020.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la watoto. Mmegombana, mama mkwe anashauri: "Mlete mtoto akae kwa bibi kwanza, mambo yapoe." Ushauri wa upendo, lakini kumtoa mtoto Uingereza bila idhini ya mzazi mwenzako mwenye haki kisheria, au ya mahakama, ni kosa la jinai tangu mwaka 1984. Mama ana haki hiyo daima. Baba anayo kama mlioana, au kama jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyeandikishwa tangu Desemba 2003. Mwenye amri ya mahakama kwamba mtoto anaishi naye anaweza kusafiri naye kwa muda usiofika mwezi, basi.

Idhini iwe ya maandishi: tarehe ya kwenda na ya kurudi, namba za ndege, nyumba mtakayofikia, simu na sahihi ya mzazi anayebaki. Ibebe pamoja na cheti cha kuzaliwa, hasa ikiwa jina lako la ukoo halifanani na la mtoto. Na wewe unayeombwa sahihi, usiitoe kwa sababu tu shangazi amekulilia kwenye simu. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto. Mtoto akizuiwa Mombasa au Mwanza, itakubidi ufungue shauri upya huko huko, ulipe wakili na nauli, huku mtoto akizidi kuzoea shule mpya. Ukiwa na hofu, iombe mahakama zuio kabla ya safari. Safari ikiwa ni leo au kesho, nenda polisi sasa hivi. Wanaweza kutahadharisha viwanja vya ndege.

Mali nazo haziishii kwenye kikao cha wazee. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimruhusu mwanamke aliyetalikiwa mwaka 1992 aendelee na madai ya fedha, kwa kuwa hayakuwahi kufungwa kwa amri ya mahakama. Mkielewana, yaandikeni na jaji ayapitishe. Fomu ya mahakama inataka kila ulicho nacho popote duniani: kiwanja cha Kigamboni, akiba ya saccos, hata nyumba yako uliyoiandikisha kwa jina la kaka. Jaji wa London hahamishi hati ya ardhi Dar es Salaam. Anaweza kukuamuru wewe uihamishe, au kukupunguzia fungu la mali iliyo Uingereza.

Kesi ikienda nyumbani, tunza risiti za fedha ulizotuma za ujenzi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mmoja athibitishe mchango wake. Tanzania Bara, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983. Hilo linatokana na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haifiki Zanzibar.

Dada unayepigwa na kuambiwa "nitakurudisha kwenu", visa uliyoipata kupitia mume isikufunge mdomo. Mwenza wa raia au wa mkaazi wa kudumu akithibitisha ukatili anaweza kuomba ukaazi kwa jina lake mwenyewe, na ipo ruhusa ya miezi 3 ya kupata msaada wa serikali wakati akiandaa maombi. Piga 0808 2000 247, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani: ni bure, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani.